Mchai Huu Umetoka Wapi? Somo la Alama za DNA na Kosa Lililotufunza

Utangulizi

Mwalimu wa sayansi hujaribiwa na mambo mawili. La kwanza ni kuiogopa mada ngumu, akaipitia juu juu, akawaachia wanafunzi wake maneno matupu ya kukariri. La pili, ambalo halizungumzwi sana katika vyuo vyetu, ni kuipenda zana yake ya kufundishia mpaka akasahau kujiuliza mwanafunzi ataondoka darasani na nini moyoni. Sisi tunaoandika makala hii, wakufunzi wawili wa sayansi katika chuo cha ualimu kilichoko nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, tuliponea jaribu la kwanza tukaangukia la pili.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi tulivyolifundisha somo la kutambua asili ya michai kwa kutumia alama za DNA, jinsi somo hilo lilivyopokelewa kwa furaha chuoni, jinsi lilivyomwumiza mtoto mmoja katika shule ya msingi, na jinsi tulivyolazimika kulisuka upya. Hatuandiki ili tujisifu wala ili tujilaumu mbele za watu. Tunaandika kwa sababu zana tuliyoibuni ni nyepesi kuigwa, na maadamu itaigwa, yafaa aigaye ajue pia mahali ilipotuponyoka.

Chanzo cha somo

Mwaka 2021 tulikuwa tukifundisha mada ya urithi wa sifa. Wanachuo walikuwa wakiandika bila kuuliza swali, dalili ambayo kila mkufunzi aijua. Vinasaba havionekani, havishikiki, havinusiki. Na michoro ya ubaoni, hata ikichorwa kwa chaki za rangi, haiwezi peke yake kumshawishi mtu kwamba ndani ya jani mna maandishi.

Nyuma ya bweni la wanachuo kuna mistari michache ya michai ya zamani iliyokuwa sehemu ya shamba la chuo. Siku moja mwanachuo mmoja, mzaliwa wa Rungwe, alikuja darasani na matawi mawili aliyoyakata hapo. Jani la tawi la kwanza lilikuwa dogo, gumu, limesimama kuelekea juu. Jani la tawi la pili lilikuwa pana, laini, limelala na kuning'inia. Akauliza, "Mkufunzi, mimea hii yote miwili twaiita chai. Upi ndio wa kwetu?"

Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa zito. Tuliwaeleza tulichokijua. Mchai, ambao wataalamu wa mimea huuita Camellia sinensis, una namna mbili kuu zilimwazo. Ya kwanza ni sinensis, yenye majani madogo, ivumiliayo baridi. Ya pili ni assamica, yenye majani mapana, ipendayo joto na mvua nyingi. Hakuna hata moja iliyo ya kwetu kwa maana ya kuota yenyewe katika misitu yetu. Wajerumani waliipanda chai katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, mwaka 1902, na Rungwe mwaka 1904. Katika nchi jirani ya Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903.

Mwanachuo yule hakuridhika. "Basi huu mdogo umetoka Uchina na huu mpana umetoka India?" Hapo ndipo tulipotambua kwamba tumelipata somo letu, kwa sababu jani peke yake halitoshi kujibu swali hilo. Maua ya mchai aghalabu hayazai vema kwa chavua yake yenyewe, huhitaji chavua ya mchai mwingine. Kwa hiyo kila mbegu ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, na shamba lililopandwa kwa mbegu ni kama mtaa wa watu, hakuna sura mbili zilizo sawa. Tena, namna hizo mbili zimechanganyika kwa muda mrefu. Baada ya Mskoti Robert Bruce kuonyeshwa michai ya Assam mwaka 1823, Waingereza walikuwa bado wakiamini kwamba chai ya kweli ni ile ya Uchina, na katika miaka ya 1830 walipeleka mbegu za Kichina India. Ile mimea ikachavushana na ile ya wenyeji, wakazaliwa machotara wasiohesabika. Mbegu zilizokuja Afrika baadaye zilikuja zikiwa na historia hiyo yote ndani yake. Mchai waweza kuwa na jani la upande mmoja na damu ya pande zote mbili.

Alama za DNA ni nini?

Kwa faida ya wasomaji wasiofundisha baiolojia, yatupasa tueleze kwa ufupi. Ndani ya kila chembe hai ya mchai mna jozi 15 za kromosomu, na humo mna DNA, maandishi marefu ya herufi nne tu: A, T, G na C. Maandishi ya assamica yalichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017 na ya sinensis mwaka 2018, yote mawili yakiwa kazi ya wataalamu wa Uchina. Urefu wake ni herufi zipatazo bilioni tatu, takribani sawa na maandishi ya mwanadamu.

Mtu anayetaka kujua asili ya mchai hahitaji kuyasoma maandishi yote. Hutafuta mahali maalumu panapotofautiana baina ya mchai na mchai. Mahali hapo ndipo paitwapo alama. Ziko alama za namna nyingi. Iliyotufaa sisi ni ile iitwayo maikrosatelaiti, yaani mahali ambapo herufi chache hurudiwarudiwa mfululizo, kwa mfano GA GA GA GA. Mchai mmoja waweza kuwa na marudio 9 mahali hapo, mwingine 14. Kwa kuwa kila mchai umepata kromosomu moja kwa mama na moja kwa baba, kila mahali huwa na hesabu mbili. Wataalamu huchukua jani, hutoa DNA, hunakili kile kipande kinachotakiwa mara mamilioni, kisha hupima urefu wake kwa kukisukuma kwa umeme ndani ya jeli au ndani ya mrija mwembamba. Kipande kifupi hutangulia, kirefu huchelewa.

Kazi hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1995 mtafiti wa Kenya, Francis Wachira, na wenzake walichapisha uchunguzi wa chai ya Kenya kwa kutumia alama za DNA za namna ya zamani zaidi, wakaonyesha kwamba makundi ya chai yatajwayo na wataalamu wa mimea yanatambulikana pia katika vinasaba. Mwaka 2003 huko Japani zilichapishwa alama zilizotengenezwa kutokana na vinasaba vichache maalumu, nazo ziliweza kuitofautisha sinensis na assamica.

Zana yetu: nyuzi na shanga

Hatukuwa na maabara ya kufanyia mambo hayo. Tulinunua sokoni shanga nyekundu na shanga nyeupe na vibunda vya uzi. Shanga nyekundu ilikuwa G, nyeupe ilikuwa A. Nyekundu na nyeupe pamoja zilikuwa rudio moja. Kila mchai wa kubuni ulipewa nyuzi mbili kwa kila mahali, moja ya mama na moja ya baba, na tulichagua mahali patano.

Kwanza tuliandaa mafungu mawili ya kulinganishia, "Uchina" na "India". Mahali pa kwanza, michai ya fungu la Uchina ilikuwa na marudio 8 hadi 10, na ile ya fungu la India 13 hadi 15. Twasisitiza kwamba hesabu hizi ni zetu za kufundishia, hazikupimwa katika mchai wowote. Kisha kila kundi la wanachuo lilipewa bahasha yenye "mchai usiojulikana". Kazi yao ilikuwa kuhesabu, kulinganisha, na kuamua.

Kundi la kwanza lilikuta nyuzi za marudio 9 na 14. Wakabishana kwa dakika kumi nzima, mpaka msichana mmoja akasema, "Mama mmoja, baba mwingine. Huyu ni chotara." Kundi jingine lilipata 13 na 15, wakasema ni wa India, tukawaonyesha kwamba mahali pa pili pana 9, nao wakaelewa kwamba mahali pamoja hapatoshi kutoa hukumu, kama vile shahidi mmoja asivyotosha. Saa mbili zilikwisha bila mtu kutazama dirishani. Tulitoka darasani tukiwa na furaha ambayo mwalimu huipata mara chache katika muhula.

Yaliyotokea katika mazoezi ya kufundisha

Mwaka uliofuata, 2022, wanachuo walikwenda mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao, kijana mwenye bidii, alipangiwa shule ya msingi iliyo karibu na mashamba ya chai. Alipofika mada ya kuainisha viumbe katika darasa la sita, aliomba ruhusa kutumia shanga zetu kwa njia iliyorahisishwa. Tulikuwa tumekwenda kumkagua siku hiyo. Tulikaa nyuma ya darasa na fomu zetu.

Somo lilikwenda vizuri kupita kiasi. Watoto walihesabu shanga, waligombea kwenda mbele, waliinua mikono yote miwili. Mwishoni mwalimu aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: DNA HAIDANGANYI. KILA KIUMBE KINA KWAO. Watoto wakasoma kwa pamoja mara tatu. Sisi tukaandika katika fomu: zana, nzuri sana, ushirikishaji wa wanafunzi, mzuri sana, hitimisho la somo, zuri. Tukampa alama ya juu kuliko wenzake wote wa kituo hicho.

Siku ya tatu mwalimu mkuu alitupigia simu. Katika darasa lile alikuwamo msichana ambaye babu yake alikuja kutoka Malawi kufanya kazi ya kuchuma chai. Wakati wa mapumziko, watoto watatu walichukua nyuzi zilizobaki mezani, wakamzunguka, wakajifanya wanampima. Wakahesabu kwa sauti, wakatangaza matokeo: shanga zake zinasema si wa hapa, arudi kwao. Na kwa kuwa mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema DNA haidanganyi, msichana hakupata la kujibu. Hakurudi darasani mchana ule, wala kesho yake, wala kesho kutwa.

Tulimwita mwanachuo wetu tukitaka kumwonya. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Wakufunzi wangu, nilifundisha kama mlivyonifundisha." Hatukuwa na jibu. Maneno ya ubaoni yalikuwa yake, lakini mwendo wa somo ulikuwa wetu tangu mwanzo hadi mwisho. Zaidi ya hayo, tulikuwapo, tukayasoma maneno yale, tukayapa alama.

Nyumbani kwa mzee

Tuliona kwamba halitakuwa jambo la haki kumwachia mwalimu mkuu mzigo huo. Jioni ile tulikwenda pamoja naye na mwanachuo wetu mpaka nyumbani kwa msichana. Babu yake alikuwa ameketi nje akichambua maharage.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, waalimu. Karibuni. Mmekuja kwa ajili ya mtoto."

Tulieleza yaliyotokea na tukaomba radhi. Hakukasirika kama tulivyotazamia. Alitaka kwanza aelezwe hasa shanga zile zilikuwa za nini. Tulimweleza habari za alama, za wazazi wawili, za Uchina na India. Alisikiliza kwa makini ya mtu ambaye maisha yake yote ameyatumia kwenye mmea huo. Alikulia Mulanje, ambako chai imelimwa kibiashara tangu miaka ya 1890, akajifunza huko kuchuma majani mawili na chipukizi. Akaja huku akiwa kijana, akafanya kazi kitaluni na shambani mpaka alipostaafu. Kisha akatuuliza, "Hizo shanga zenu zinauliza mmea umezaliwa na nani, au zinauliza umeota wapi?"

Tukajibu kwamba zinauliza umezaliwa na nani.

"Basi kwa nini mliwaambia watoto kwamba zinaeleza kwao?"

Akaendelea kutueleza kazi ya kitalu. Akachukua kijiti akachora chini: tawi hukatwa vipande vifupi, kila kipande na jani lake moja, hupandwa katika mfuko wa udongo, hufunikwa, hunyweshwa, hungojwa hata kitoe mizizi. Kutoka shina moja, alisema, amewahi kutoa miche iliyokwenda mashamba mengi. "Yote ni mmea ule ule. Sasa mkichukua jani huku na jani kule, shanga zenu zitawaambia lipi ni la shamba lipi?"

Hazitaweza. Hilo tulilijua, na wala halikuwamo katika somo letu.

Makosa yetu yalikuwa yapi?

Tuliporudi chuoni tuliketi na andalio letu la somo, tukalisoma kama tunavyosoma maandalio ya wanachuo. Tuliona makosa matatu.

Kosa la kwanza lilikuwa la lugha. Neno "asili" tulilitumia kwa maana mbili bila kuzitenga: nasaba ya mmea, na mahali ulipoota. Watoto wakaongeza maana ya tatu, haki ya kuwapo mahali. Alama za DNA hujibu swali la nasaba. Mara nyingine nasaba hutudokezea mahali, ikiwa mahali hapo panalimwa aina fulani tu. Lakini kloni iitwayo 6/8, iliyochaguliwa Kenya, ilipelekwa pia Mufindi na kufanyiwa majaribio huko Ngwazi. Jani lake la Kenya na jani lake la Mufindi yana DNA ile ile. Atakaye kujua jani limeota katika udongo gani hana budi kutafuta ushahidi mwingine, kama vile kiasi cha madini ambayo mmea umeyanyonya ardhini. Ama kuhusu haki ya kuwapo mahali, hakuna kipimo cha maabara kinachoijibu, na mwalimu asiyewaambia wanafunzi wake hivyo amewaachia wajijibu wenyewe.

Kosa la pili lilikuwa la mantiki. Tuliwafanya wanachuo waamini kwamba alama hutamka jina la nchi. Alama haitamki kitu. Hulinganishwa na mafungu yaliyokwisha kukusanywa, na jibu huwa zuri au baya kwa kadiri mafungu hayo yalivyo mazuri au mabaya. Mfano ulio wazi ni huu. Kwa muda mrefu chai zote za majani mapana ziliitwa za Assam, ziwe zimetoka India au mkoa wa Yunnan, kusini-magharibi mwa Uchina. Mwaka 2016 Meegahakumbura na wenzake walichapisha uchunguzi wa maikrosatelaiti wa michai ya Uchina na India, wakaonyesha kwamba chai ya majani mapana ya Yunnan na ile ya Assam ya India ni makundi mawili mbalimbali, na kwamba huenda chai ilianza kulimwa mara tatu katika sehemu tatu, kila moja peke yake. Ambaye hakuwa na fungu la Yunnan mezani pake hangeweza kuliona jambo hilo, hata angepima kwa uangalifu namna gani.

Kosa la tatu lilikuwa la kimya. Tulijua kwamba watoto watayahamishia kwa watu yale wanayofundishwa juu ya mimea, kwa kuwa ndivyo watoto wajifunzavyo, na hatukuweka hata sentensi moja ya kulikabili jambo hilo. Katika nchi yenye mashamba makubwa yaliyovuta vibarua kutoka pande zote, hakuna darasa lisilokuwa na mjukuu wa mtu aliyekuja kutoka mbali.

Somo lilivyosukwa upya

Hatukulitupa somo. Kulitupa kungekuwa kuwanyima wanachuo elimu ya kweli kwa ajili ya kosa letu. Tuliligawa katika hatua nne, ambazo twazieleza hapa kwa atakayependa kuzijaribu.

Hatua ya kwanza ni ile ya awali: kuhesabu, kulinganisha, kubishana, kuamua. Lakini sasa mchai mmoja usiojulikana umepewa marudio 11 na 12. Kwa mafungu mawili yaliyopo, wanafunzi wengi husema ni chotara: 11 inakaribia Uchina, 12 inakaribia India. Mwalimu anakubali, anaandika jibu ubaoni.

Hatua ya pili, mwalimu anafungua bahasha ya tatu, fungu la "Yunnan", ambamo marudio ni 11 hadi 12. Darasa huingia kimya. Jibu lililoandikwa ubaoni linafutwa, na anayelifuta ni mwanafunzi. Kila mmoja anaona kwa macho yake kwamba shanga hazikubadilika. Kilichobadilika ni kile tulichokuwa nacho cha kulinganishia.

Hatua ya tatu, wanafunzi hupewa michai miwili iliyoandikwa "shamba la Kenya" na "shamba la Mufindi", ambayo nyuzi zake zinafanana kila mahali. Wanaombwa waseme upi ni upi. Baada ya kuhangaika wanagundua kwamba haiwezekani, na hapo ndipo neno "kloni" linapoelezwa, wala si kabla. Katika shule zilizo karibu na mashamba tunashauri aalikwe mtu wa kitalu aje kuonyesha ukataji wa vipandikizi.

Hatua ya nne ni habari ya chai yetu wenyewe. Mwaka 2016 Wambulwa na wenzake walichapisha uchunguzi wa michai 280 iliyokusanywa katika nchi nane za Afrika. Walikuta makundi mawili makuu, sinensis na assamica, pamoja na machotara wengi ambao kwa sehemu kubwa mama zao walikuwa assamica. Hilo la mama lilijulikana kwa DNA ya kloroplasti, ambayo katika mchai hurithiwa upande wa mama. Lakini walikuta na jambo jingine. Ile assamica ya Afrika iligawanyika tena katika makundi mawili, moja la vituo vya utafiti vya kusini mwa Afrika, jingine la Afrika Mashariki, kufuatana na mahali ilikochaguliwa na kuzalishwa. Maana yake ni kwamba katika muda wa miaka mia moja na kitu, mikono ya wakulima na watafiti wa huku imeacha chapa yake ndani ya vinasaba vya mmea uliokuja kwa meli. Tena, michai ile ilikuwa imegawanwa baina ya nchi na nchi, mpaka ukiwa si kizuizi kwayo.

Kisha mwalimu husema wazi, kwa maneno yake mwenyewe na bila kuficha, kwamba kipimo hiki ni cha nasaba ya mmea, na kwamba hakuna mtu anayepimwa kwa shanga ili ijulikane kama ana haki ya kukaa darasani.

Kurudi shuleni

Mwalimu mkuu aliturudishia kipindi. Tulimtaka mwanachuo yule yule afundishe, kwa kuwa maneno yaliyosemwa na mwalimu hayafutwi vizuri na mwingine. Alianza kwa kuyaandika tena ubaoni yale maneno yake ya awali, DNA HAIDANGANYI, akawaambia watoto kwamba alikosea, na kwamba leo watamsaidia kujua alikosea wapi. Wengi walishangaa, hawakuwa wamezoea kumsikia mwalimu akisema hivyo.

Mzee alikuja na kisu na matawi. Mjukuu wake alikuwapo, ameketi dawati la nyuma, tofauti na mahali pake pa zamani. Hakuinua mkono kwa muda mrefu. Katika hatua ya nne aliuliza, "Mwalimu, mchai wa hapa ukipelekwa leo kule Assam, watu wa kule watauita mgeni?"

Mwanachuo hakujibu haraka. Aliligeuzia darasa swali hilo. Wengine walisema utaitwa mgeni, kwa kuwa umelelewa huku. Wengine walisema utaitwa wa nyumbani, kwa kuwa nasaba yake ni ya huko. Mmoja wa wale watatu akasema ingetegemea nani anauliza na ana mafungu gani mezani. Hilo lilikuwa jibu la kisayansi kuliko yote tuliyoyasikia siku ile. Hatuwezi kusema kwamba limetosha kuponya yaliyotokea. Tulipopita shuleni hapo muhula uliofuata, msichana alikuwa bado ameketi dawati la nyuma.

Hitimisho

Ndugu walimu, twawaachia mapendekezo machache. Zana ya bei nafuu, kama shanga na uzi, yaweza kulibeba somo gumu mpaka likaeleweka na mtoto wa darasa la sita. Tusiogope mada mpya kwa kukosa mashine. Lakini kadiri zana inavyovutia, ndivyo mwalimu apaswavyo kuzidi kuuliza ni hitimisho gani mwanafunzi atalifikia bila kuelekezwa. Kila somo la vipimo halina budi kueleza kipimo hujibu swali gani na hakijibu swali gani. Na neno moja likiwa na maana tatu, mwalimu azitenge kabla ya wanafunzi kuzichanganya.

Upande wetu, tumeongeza mstari mmoja katika fomu yetu ya kukagua mazoezi ya kufundisha, chini ya sehemu ya hitimisho la somo. Mkaguzi hutakiwa kuandika sentensi moja ambayo anadhani mwanafunzi ataisema uwanjani wakati wa mapumziko. Mkaguzi asiyeweza kuiandika hutakiwa akae shuleni mpaka kengele ya mapumziko ilie, aende uwanjani akaisikie.